Kifungo cha Saa ya Baba

Tarehe 4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na kile kikohozi cha mwezi uliopita kimekuachia. Huku sisi wazima. Mjomba macho yanamsumbua, siku hizi anafungua saa za watu kwa kupapasa zaidi kuliko kwa kuona, lakini hasemi, wateja wasije wakakimbia. Mke wake anakusalimu. Kwa kweli hakusema nikusalimie, ila nilipomwambia nakuandikia barua aliguna, na mguno wa yule mama si haba.

Nisamehe kwa simu ya Jumapili. Maneno nilikuwa nimeyaandaa kabisa, lakini niliposikia sauti yako ikisema haloo, nani mwenzangu, yote yakanikwama kooni. Nikabaki napumua tu mpaka ukakata. Shuleni tunasomeshwa kwa lugha mbili na mimi nimekuwa bubu katika zote mbili. Kalamu peke yake ndiyo haininyimi.

Barua yako nimeipata. Unasema siku ya harusi utampa mchumba wako saa ya marehemu baba, iwe kama zawadi ya mkwe ambaye hakumkuta, na kwa kuwa mkanda wake wa chuma umechakaa, nikuchagulie: polishi au brashi. Umeniuliza mimi, Dada. Nilitembea na hilo swali siku nzima kama mtu aliyepewa cheo. Mjomba kazi za mikanda ananiachia mimi nikitoka shule, kwa hiyo nakujibu kama fundi.

Polishi ni pale chuma kinaposuguliwa kwenye gurudumu la kitambaa mpaka kinakuwa kioo. Brashi ni pale kinapopigwa mistari myembamba, yote ikielekea upande mmoja kama nywele zilizochanwa, kikawa na mng'ao wa chini kwa chini. Polishi inapendeza ikiwa dukani. Ukishaivaa, ukaegemea meza mara moja tu, mkwaruzo unaonekana toka mlangoni. Brashi inavumilia, mikwaruzo inajichanganya na mistari yake. Tena polishi inakula chuma. Kila ukiirudisha kwenye gurudumu kona zinalegea, mwisho pingili, vile vipande vinavyounda mkanda, zinafanana na kipande cha sabuni iliyotumika. Saa ya baba ilikuja na brashi pingili zote. Mimi ningeirudisha hivyohivyo.

Sasa lile jingine. Ulisema ukishaolewa utanichukua nikaishi nawe, nimalizie shule huko. Mdogo wake mke wa mjomba anakuja kukaa hapa shule zikifungwa, na chumba changu cha stoo ndicho atakacholala. Nilimuuliza mimi nitalala wapi. Akasema, si dada yako anaolewa kwenye nyumba ya ghorofa? Nijibie wewe.

Mdogo wako.


Tarehe 26 Februari

Bubu,

Marahaba. Mimi mzima. Kikohozi kimeisha, mama mkwe alinipeleka kwa daktari wao. Hawa watu wana daktari wao kama sisi tulivyokuwa na kinyozi wetu. Mjomba mpe pole ya macho. Mke wake mgunie na wewe.

Nilikuuliza swali la neno moja ukaniandikia kitabu. Jibu langu ni polishi. Yote, pingili zote mpaka kifungo kinachoshikiza mkanda. Nyumba ya wakwe zangu kila kitu kinang'aa, hata vitasa vya vyoo, na mama mkwe akiona kitu kimefifia anauliza nani amesahau kukifuta. Nikileta saa ya mistarimistari watadhani nimeshindwa kuisafisha.

Simu usipige tena. Mara nyingi nikipokea kuna mtu karibu, na huko upande wa pili anasikika mtu anahema kama mwizi. Nimeshaulizwa kama nina mwanamume. Barua tuma hapa kazini, mapokezi. Mbele andika jina langu, nyuma usiandike la kwako.

Habari ya chumba tutaongea. Usinisukume. Harusi ina mambo mengi na wewe si harusi.

Dada.


Tarehe 9 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia umepona. Mjomba amepata miwani mpya, na kitu cha kwanza alichokiona nayo ni vumbi la duka, kwa hiyo wiki nzima nimefagia. Shuleni nilisimamishwa nisome mbele ya darasa. Sikuweza. Mwalimu alinihurumia kwa sauti, mbele ya wote, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kama angenifokea.

Pingili nimezitoa brashi, sasa zinang'aa. Mke wa mjomba alijitazama kwenye moja akarekebisha kilemba. Kwa hizo umeshinda.

Kifungo sijakigusa. Nadhani umesahau kwamba juu yake kuna maandishi. Baba alipostaafu, yule bosi wake alivua saa mkononi mwake mwenyewe, akaipeleka ikachongwe, akampa: KWA DEREVA WANGU, ALIYENIFIKISHA. Wewe ndiye uliyenisomea, kabla sijajua kusoma, ukiwa umenishika kidole unakipitisha juu ya kila herufi. Hayakuzama sana. Kuyapa polishi ni kuyafuta.

Nilimuuliza mjomba. Akaweka bisibisi mezani akasema shemeji yake kila jioni alikuwa akikisugua kile kifungo kwa pindo la shati, na kwamba kabla yeye hajayafuta yale maandishi basi akatwe mkono kwanza. Mke wake akasema mkono wenyewe unafaa nini. Wakanuniana mpaka chakula kikapoa.

Kwa hiyo naomba hivi: pingili polishi, kifungo tukiache kama kilivyo. Kinakaa chini ya mkono, mama mkwe hatakiona labda amsalimie mwanawe kwa kumpindua.

Kuhusu chumba sikusukumi. Vitabu vyangu nimevipanga kwenye boksi la saa ya ukutani. Basi tu, viwe pamoja.

Mdogo wako.


Tarehe 2 Aprili

Bubu,

Marahaba. Nimekawia, tulikuwa tunachagua kadi. Hapa wote wazima na wanene. Juzi mama mkwe alinishika viganja akasema nina mikono ya mtu ambaye hajawahi kufua. Nikamwachia aamini.

Barua yangu uliisoma? Nilisema mpaka kifungo. Sikusahau kitu. Maandishi yatoke.

Mchumba wangu atapita mji wenu mwezi wa tano kwa shughuli za kazi na ataichukua mwenyewe. Anachojua ni kwamba hilo ni duka ambalo marehemu baba alikuwa akipelekea saa zake. Mjomba asimkaribishe kwa ujomba. Afadhali asiwepo kabisa, anapenda kulia. Kwako sina wasiwasi, wewe mdomo hufungui hata ukiumwa jino. Leo ububu wako umepata kazi.

Dada.


Tarehe 7 Aprili

Dada,

Shikamoo. Huku wazima.

Saa zake, umeandika. Baba alikuwa na saa moja. Hata hiyo aliivaa Jumapili tu na siku za kuchukua matokeo yetu shuleni.

Lakini wewe umeagiza na mimi ndiye ninayefanya kazi, kwa hiyo nikwambie jambo la kazi. Maandishi yakifutwa panabaki kibonde. Ni kidogo, kwa macho hukioni. Ila ukishapiga polishi juu yake, chuma kikawa kioo, kila kinachojitazama pale kinapinda. Nimejaribu kwenye kifungo cha saa mbovu. Nililitazama dirisha ndani yake: fremu ilikuja imenyooka vizuri, ilipofika pale ikajikunja kama mtu aliyepigwa tumboni. Mtu yeyote atauliza hapa palikuwa na nini. Ukitaka asiulize, kifungo kipigwe brashi. Mistari ikipita juu ya kibonde hakuna atakayejua.

Chagua. Nami nijibu. Umewaambia nini kuhusu baba? Na katika hayo uliyowaambia, mimi nimo?

Mdogo wako.


Tarehe 20 Aprili

Bubu,

Marahaba. Mimi mzima. Umetaka mwenyewe, basi kaa kitako.

Mara ya kwanza kula kwao, baba mkwe aliniuliza marehemu baba alikuwa akifanya kazi gani. Nikasema alikuwa kwenye magari. Huo si uongo. Yeye akasema, ahaa, usafirishaji, mimi nikanywa maji. Nilipoweka glasi chini baba yetu alikuwa tayari na malori. Sikuyanunua mimi, walinipa wao. Kazi yangu imekuwa kutoyarudisha.

Halafu mama mkwe akauliza tuko wangapi kwetu. Fikiri, wewe si una akili ya darasani? Binti wa mwenye malori ana mdogo anayelala stoo kwa fundi saa, sketi yake ya shule imeshushwa pindo mpaka imebaki na mstari. Ungekaa wapi kwenye meza ile? Nikasema niko peke yangu. Sikupanga. Lilinitoka tu. Na lilipotoka, Bubu, nisikufiche, chakula kilishuka vizuri.

Usilie juu ya karatasi, wino unachafuka, nakujua. Mimi nilikufulia nguo tangu mama alipofariki mpaka siku niliyoondoka. Mikono hii ilikuwa na magamba. Acha nami niwe mtu ambaye hajawahi kufua, hata kama ni kwa hawa watu tu. Tafuta namna ya kunichukia polepole, sina muda wa kuchukiwa kwa pupa kabla ya harusi.

Nitakupenyeza. Mwakani, au nikishazaa, nitasema umepatikana, binti wa rafiki ya marehemu mama, kitu kama hicho. Mpaka hapo vumilia.

Piga brashi. Kifungo tu, pingili ziwe polishi. Na asante kwa kuniambia, ningeumbuka.

Dada.


Tarehe 11 Mei

Dada,

Shikamoo. Mjomba ana mafua, mke wake hajambo.

Kazi imeisha na mchumba wako ameichukua saa.

Maandishi nimeyafuta mimi. Mjomba alivaa kofia akatoka, akasema anakwenda kununua betri, na betri tunazo za kumwaga. Nilishika msasa wenye meno makubwa. Nilidhani neno dereva ndilo litakalotangulia kuondoka, kwa kuwa ndilo unalolichukia, lakini aliyechonga alikuwa amelikandamiza kuliko mengine. Yote yalikwisha likabaki lenyewe katikati ya chuma kitupu. DEREVA. Nikaenda kunywa maji. Niliporudi lilikuwa bado pale. Nikamalizia. Kisha msasa laini, kisha nikapiga mistari, mkono mmoja toka mwanzo hadi mwisho bila kusita, maana ukisita katikati mstari unavunjika na kazi inaanza upya. Sikusita. Ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na hakuna wa kumwonyesha.

Yeye alikuja mchana, mwenyewe, bila makeke. Nilikuwa nimemtengeneza kichwani mtu wa kuchukiwa, akanikatisha tamaa. Alifuta viatu mlangoni. Akaniamkia yeye kwanza. Alivaa saa akaitazama, akaipindua akapitisha kidole juu ya kifungo, polepole, kama anatafuta kitu. Kumbe alikuwa anaisifia. Alisema pingili zinang'aa zaidi kidogo kuliko anavyopenda yeye, ila kifungo hiki kina utulivu.

Halafu akavuta kiti akakaa. Dada, hukuniambia kwamba angekaa.

Akaniuliza kama mzee mwenyewe niliwahi kumwona. Nikasema alikuwa mteja. Akauliza alikuwa mtu wa namna gani. Nilipanga bisibisi zote kwa ukubwa, nadhani alinihesabu mjinga, mwishoni nikasema alikuwa mpole. Akatikisa kichwa, akasema amefurahi kusikia, kwa sababu wewe habari za kwenu huzungumzi, zinakuumiza, na yeye hakulaumu. Nakuandikia maneno yake kama yalivyotoka:

"Mwenzangu hana mtu. Hata ndugu mmoja wa kumshika mkono siku ile hana."

Nikasema, "Pole yake."

Hilo tu. Miaka yote maneno yananikwama, hilo likapita lenyewe, laini. Mlangoni alinipa noti akasema, ya soda, dada. Katika ukoo wako mpya yeye ndiye wa kwanza kuniita hivyo. Niliipokea. Ningeikataa angeuliza kwa nini.

Mjomba aliporudi aliniuliza kijana yukoje. Nikamwambia ni mtu mzuri. Akakaa akalia, ulikuwa umemjua vizuri. Sasa uliyoyataka yamekamilika. Mwezi wa sita unaingia, shule zinafungwa, na mimi sijui niulize tena habari ya chumba au nisiulize.

Mdogo wako.


Tarehe 30 Mei

Bubu,

Marahaba. Harusi imepita salama. Mvua ilikuja wageni wakiwa tayari ndani. Mimi mzima, nimechoka tu miguu. Upande wangu viti vilijazwa na watu wa ofisini, ungedhani nina ukoo.

Saa imependwa. Mume wangu haivui. Baba mkwe ameipindua akaitazama hadi ndani, akasema marehemu alijua vitu. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Umefanya kazi yako, nami nakushukuru bila mzaha.

Sasa sikiliza, na usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Mume wangu amekukumbuka. Anasema yule msichana wa duka la saa ni mkimya, ana mikono safi, na anaonekana kama kwao hapamtoshi. Tunahamia nyumba yetu na tutahitaji msichana wa kazi, hawa wanaoletwa na mawakala wanaongea sana. Akaniambia niulize dukani kama unatafuta kazi. Mimi sikumtia wazo hilo, naapa. Limetoka kwake, kwa wema tu.

Nimelifikiria. Si ulitaka kuja? Njia imejileta yenyewe na sikulazimika kusema neno. Chumba kipo nyuma ya jiko, kina dirisha. Shule ya jioni haiko mbali, nitamwambia ni huruma yangu. Nguo zangu za ndani nitafua mwenyewe, hilo nakuahidi. Mbele ya watu utaniita Madam. Tukiwa wawili utaniita Dada, ila kwa sauti ya chini, kuta za siku hizi nyembamba.

Nijibu mapema, mama mkwe naye ana mtu wake anayetaka kumleta.

Dada.


Tarehe 6 Juni

Dada,

Mgeni wa mke wa mjomba amefika. Amekuja na masanduku mengi na kicheko cha kukoroma, si mtu mbaya. Mimi nalala dukani, godoro nimelipenyeza chini ya meza ya kazi. Saa za ukutani kila usiku nazisimamisha zote maana zinanipigia kelele, na kila asubuhi mjomba anazitembeza tena, moja baada ya nyingine, bila kuniuliza.

Barua yako nilipoisoma mara ya kwanza nilikubali. Nakwambia wewe tu, wengine hawajui. Nilikunja nguo nikazifunga. Nilifikiria lile dirisha nyuma ya jiko, nikalipa na pazia. Nilifikiria kukusikia ukipita kwenye ukumbi, na kwamba ningeijua hatua yako hata nikiwa nimeinama. Niliona hiyo inatosha. Watu wanaishi kwa pungufu ya hapo.

Kisha nikajaribu kulisema lile neno. Dukani, peke yangu, mlango umefungwa. Madam. Nilingoja linikwame kama yanavyonikwama mengine yote, haloo, nipo, mimi ni fulani. Halikukwama. Lilitoka vizuri, na mgongo wangu ukainama wenyewe kabla sijauambia. Nikalirudia, likatoka vizuri zaidi. Hapo ndipo nilipoogopa. Nikafungua mzigo nikarudisha nguo kwenye misumari.

Mjomba nimemwambia yote. Hakulia safari hii. Alisema nikimaliza shule meza ni yangu, na nisipoimaliza vilevile meza ni yangu, na kwamba mke wake atazoea. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni, akaguna.

Mumeo mwambie hapana. Atauliza sababu, kwa kuwa ni mtu mwema na watu wema wanauliza. Huo uongo utautafuta mwenyewe. Wa kwangu nilishakupa.